Mwigizaji Anapoimba: Nyimbo za Anime Zipimwe kwa Mizani ya Uigizaji

Katika Macross Frontier, mfululizo wa anime (katuni za Kijapani) uliorushwa Japani mwaka 2008, wamo wahusika wawili wa kike ambao wote ni waimbaji, na watayarishaji waliwatafutia sauti kwa njia mbili zisizofanana. Sheryl Nome, msanii ambaye umaarufu wake umeenea galaksi nzima, anazungumza kwa sauti ya mwigizaji Aya Endo, lakini kila anapopanda jukwaani sauti inayosikika ni ya mwanamuziki May'n. Ranka Lee, msichana anayefanya kazi katika mgahawa wa Kichina kabla nyota yake haijang'aa, anazungumza na kuimba kwa sauti moja tu, ile ya Megumi Nakajima, ambaye wakati huo ndiyo kwanza alikuwa anaanza kazi. Mtunzi wa muziki ni yule yule, Yoko Kanno, na hadithi ni moja. Ni nadra kwa mchambuzi wa sanaa hii kupewa ulinganisho ulio wazi namna hiyo.

Kwa kipimo cha ufundi wa kuimba peke yake, May'n anamwacha Nakajima mbali: ana pumzi ndefu, ana nguvu katika noti za juu, na anajua kuushika umati. Hata hivyo, pale Ranka anapoimba mbele ya askari wenye hasira katikati ya mfululizo, akiwa na woga ambao haujamtoka vizuri, tunachosikia ni mwendelezo wa mtu aliyekuwa akizungumza sekunde chache zilizopita. Ule utoto uliokuwamo katika maneno yake umo pia katika wimbo, na kwa sababu hiyo wimbo unatuambia habari za mhusika ambazo maneno hayakuweza kuzisema. Kwa Sheryl, kinyume chake, kuna mshono kati ya mtu na msanii. Naona mshono huo unamfaa, kwa kuwa Sheryl ni mtu aliyejificha nyuma ya jina lake la jukwaani, ingawa sina hakika kama watayarishaji walilikusudia hilo au walitaka tu mwimbaji hodari.

Mjadala kuhusu waigizaji wa kike wa sauti wanaoimba, seiyuu likiwa jina la Kijapani la mwigizaji yeyote wa sauti, huishia mara nyingi kwenye swali la kama wanajua kuimba au la. Wanaowapinga husema ni mbinu ya lebo za muziki kuuza diski kwa kutumia sura za wasichana. Wanaowatetea hutaja majina ya wachache wenye sauti kubwa. Pande zote mbili zinatumia kipimo kile kile cha mwimbaji wa kawaida, na hapo ndipo ninapotofautiana nazo. Wimbo wa mwigizaji wa sauti una kazi yake, nayo ni kuendeleza uigizaji mahali ambapo mazungumzo yamekoma. Pale kazi hiyo inapofanyika, hata sauti ndogo inatosha. Pale isipofanyika, hata sauti nzuri inageuka kuwa tangazo la biashara la sekunde 90.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Katika miaka ya 1970, nyimbo za ufunguzi zilikuwa mali ya waimbaji maalumu wa fani hiyo. Ichiro Mizuki aliimba wimbo wa Mazinger Z mwaka 1972 kwa sauti ya kiume iliyojaa kifua, na Mitsuko Horie akaimba ule wa Candy Candy mwaka 1976. Nyimbo hizo zilitaja jina la shujaa, zikasifu silaha zake au tabasamu lake, na mtoto aliyekuwa akicheza nje alijua kwamba kipindi kimeanza. Mwigizaji alibaki chumba cha kurekodia, jina lake likipita haraka mwishoni mwa kipindi. Walikuwapo waliojaribu kuvuka mpaka, kama bendi ya Slapstick ya mwishoni mwa miaka hiyo, ambayo waigizaji wa kiume Toru Furuya na Toshio Furukawa walikuwa miongoni mwa wanachama wake, lakini muziki wao ulikuwa shughuli ya pembeni, nje ya hadithi walizozitilia sauti.

Mabadiliko yaliyo muhimu zaidi kwa hoja yangu yalikuja mwaka 1982 na Macross ya kwanza. Hadithi yake ilihitaji msichana mwimbaji, Lynn Minmay, ambaye nyimbo zake zinawavuruga maadui wasiowahi kuujua muziki. Badala ya kumchukua mwigizaji na kumfundisha kuimba, watayarishaji walimchukua Mari Iijima, mwanafunzi wa muziki aliyekuwa akitunga na kupiga kinanda mwenyewe, wakampa nafasi ya kuigiza. Mwaka uliofuata albamu yake ya kwanza ilitayarishwa na Ryuichi Sakamoto, jina ambalo halikuhitaji kuelezwa kwa mpenzi yeyote wa muziki nchini Japani. Iijima alikuwa mwanamuziki aliyepita katika anime, na kwa miaka mingi kivuli cha Minmay kilimfuata kuliko yeye mwenyewe alivyotaka. Hilo nalo ni onyo la mapema: mhusika akishashika sauti ya mtu, si rahisi kuiachia.

Miaka ya 1990 ndiyo iliyozaa mwigizaji mwimbaji kama taaluma. Megumi Hayashibara, aliyekuwa amesomea uuguzi huku akihudhuria mafunzo ya uigizaji wa sauti, alikuwa Rei Ayanami katika Neon Genesis Evangelion na Lina Inverse katika Slayers, zote mbili zikianza mwaka 1995. Wahusika hao hawafanani hata kidogo. Rei huongea kama mtu ambaye hajaamua bado kama yupo. Lina hupiga kelele, hula sana na hulipua vijiji. Nyimbo za Slayers alizoziimba Hayashibara zina mwendo wa kasi na kiburi cha Lina. Nyingi za nyimbo alizozirekodi katika miaka hiyo aliziandikia mashairi mwenyewe. Kwa upande mwingine, wimbo maarufu wa ufunguzi wa Evangelion aliachiwa Yoko Takahashi, mwimbaji asiyekuwa mmoja wa waigizaji wakuu, na ulifaa kwa kuwa unaitazama hadithi kutoka nje, kwa sauti ya mtu mzima anayemwonea huruma kijana. Sisemi kwamba kila wimbo lazima uimbwe na mwigizaji. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa nani aimbe ni uamuzi wa usimulizi, hata pale unapofanywa na mhasibu.

Na mara nyingi hufanywa na mhasibu. Anime nyingi za Japani hugharimiwa na kamati ya uzalishaji, ambapo mchapishaji wa vitabu vya katuni, kituo cha televisheni, kampuni ya vifaa vya kuchezea, msambazaji wa diski na lebo ya muziki huchangia fedha na kugawana haki. Lebo inayotia fedha hupata nafasi ya wimbo wa ufunguzi na wa kufungia, kila mmoja ukiwa na sekunde 90 hivi katika kipindi cha nusu saa. Kwa kuwa mfululizo wa kawaida una vipindi 12 au 13, nafasi hizo hufunguka upya kila baada ya miezi mitatu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, anime nyingi zilihamia saa za usiku wa manane, ambako kamati yenyewe hulipia muda wa kurusha na kutegemea mauzo ya diski ili kurudisha fedha zake. Katika hali hiyo, mwigizaji aliyesajiliwa na lebo na pia kupewa nafasi katika mfululizo ni mtu wa faida mara mbili: anauza kipindi kwa wanaoupenda wimbo na anauza wimbo kwa wanaokipenda kipindi. King Records, kupitia tawi lake la Starchild, iliielewa hesabu hiyo mapema, ikiwa na Hayashibara mkononi na Evangelion kabatini. Mwaka 1997 Hekiru Shiina akawa mwigizaji wa kwanza wa sauti kufanya onyesho lake binafsi katika ukumbi wa Nippon Budokan, na tangu hapo lebo nyingine hazikuhitaji kushawishiwa.

Nana Mizuki ni mfano ambao wapinzani wa utaratibu huu hupata taabu nao. Alizaliwa mwaka 1980 katika mji wa Niihama, mkoa wa Ehime, na baba yake alimfundisha enka tangu utotoni, ule uimbaji wa kizamani wenye kutikisa sauti mwishoni mwa mstari na kuivuta huzuni taratibu. Alikwenda Tokyo akitaka kuwa mwimbaji, na uigizaji wa sauti ndio uliomfungulia mlango. Alipoimba wimbo wa ufunguzi wa awamu ya pili ya Magical Girl Lyrical Nanoha mwaka 2005, uliotungwa na Noriyasu Agematsu, mafunzo yale ya enka yalikutana na ala za nyuzi na gitaa la umeme, na matokeo yake yakawa mtindo ambao wengi wameuiga tangu wakati huo. Ukisikiliza kwa makini jinsi anavyoupokea mstari wa kwanza wa kiitikio, utagundua kwamba haupandi moja kwa moja. Anaingia chini kidogo ya noti, kisha anaipandisha, na ile sehemu ndogo ya sekunde ndiyo inayofanya msikilizaji akae sawa. Huo ni ufundi wa mwimbaji wa enka, na umo katika katuni ya wasichana wachawi.

Mwezi Juni 2009 albamu yake Ultimate Diamond ilishika nafasi ya kwanza katika chati ya albamu ya wiki ya Oricon, kampuni inayohesabu mauzo ya muziki Japani, na Januari 2010 singo yake ikafanya hivyo katika chati ya singo. Hakuna mwigizaji wa sauti aliyekuwa amefika hapo kabla yake. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2014 alialikwa mfululizo katika Kohaku Uta Gassen, tamasha la mkesha wa mwaka mpya la shirika la utangazaji la NHK, ambalo familia za Kijapani hulitazama pamoja, bibi kwa mjukuu. Desemba 2011 aliimba katika uwanja wa besiboli wa Tokyo Dome. Watazamaji wa Afrika Mashariki waliomjua Hinata wa Naruto kupitia toleo la Kijapani wamemsikia Mizuki kwa miaka mingi, na nadhani wengi wao hawajui kwamba msichana yule anayeongea kwa kunong'ona, anayeshindwa kumaliza sentensi mbele ya mvulana anayempenda, ni mwanamke yule yule anayeujaza uwanja wa besiboli kwa sauti yake. Umbali huo kati ya sauti mbili za mtu mmoja unatuonyesha uwezo wake kuliko chati yoyote.

Mizuki, hata hivyo, ni mtu wa kipekee, na sera haijengwi juu ya mtu wa kipekee. Ili kuona utaratibu huu unavyofanya kazi kwa waigizaji wa kawaida, ni bora kuziangalia zile nyimbo zinazoimbwa kwa jina la mhusika. Katika The Melancholy of Haruhi Suzumiya ya mwaka 2006, Haruhi anajitosa kuimba katika tamasha la shule badala ya bendi ambayo wanachama wake wameshindwa kupanda jukwaani. Studio ya Kyoto Animation iliwachora wapigaji kwa uangalifu mkubwa, vidole vikifuata muziki halisi, na Aya Hirano akaimba kama mtu anayeutumia mwili wote. Haruhi ni mhusika anayejua kila kitu na asiyeshukuru mtu. Ndani ya dakika hizo chache anakuwa msichana anayefanya jambo kwa ajili ya wengine, na baadaye, wanapomshukuru, hajui aziweke wapi hisia zake. Bila wimbo ule, badiliko hilo lingehitaji vipindi viwili vya mazungumzo.

Mwaka 2009 studio hiyo hiyo ilitoa K-On!, hadithi ya wasichana wa shule wanaoanzisha bendi na kutumia muda mwingi zaidi kunywa chai kuliko kufanya mazoezi. Albamu fupi iliyotolewa kwa jina la bendi hiyo ya kubuni ilifika nafasi ya kwanza ya chati ya Oricon mwaka huo huo, ikiwa ya kwanza ya wahusika wa anime kufanya hivyo. Aki Toyosaki, aliyemwigiza Yui, aliimba kama Yui angeimba: kwa furaha, akiteleza hapa na pale, akiyatamka maneno kama mtoto anayetafuna. Kuna waliocheka. Lakini mwimbaji hodari zaidi angeiharibu kazi ile, kwa sababu hakuna mtu angeamini kwamba bendi hiyo haifanyi mazoezi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Symphogear, iliyoanza mwaka 2012, ambayo Agematsu alishiriki kuibuni. Wapiganaji wake hupata nguvu kwa kuimba, hivyo kila pambano ni wimbo. Badala ya kubandika juu ya mapigano rekodi iliyosafishwa ya studio, watayarishaji waliwataka waigizaji waimbe huku wakiigiza pambano lenyewe. Aoi Yuki, anayemwigiza Hibiki, hukatika katikati ya mstari anapopigwa. Hupoteza pumzi, huguna, hurukia neno linalofuata akiwa amechelewa, kisha huupata tena mdundo. Ukiichukua rekodi hiyo peke yake ukaipeleka kwa mwalimu wa kwaya, ataikataa. Ukiitazama pamoja na picha, huwezi kutenganisha wimbo na ngumi.

Hadi hapa nimesifu. Sasa niende kwenye jukwaa lenyewe, ambako mambo huwa na utata zaidi.

Mradi wa Love Live! ulianza mwaka 2010 kwa ushirikiano wa jarida moja la burudani, lebo ya Lantis na studio ya Sunrise, na uligeuza kabisa uhusiano wa mwigizaji na mhusika. Kundi la kwanza, μ's, lilikuwa na waigizaji tisa ambao walitakiwa kucheza jukwaani hatua zile zile ambazo wahusika wao wanazicheza katika katuni, huku katuni hiyo ikionyeshwa kwenye skrini kubwa nyuma yao, ili mtazamaji awaone wote wawili kwa pamoja. Wengi wa wanawake hao hawakuwa wacheza ngoma. Walifika Kohaku mwishoni mwa mwaka 2015 na kufanya onyesho la mwisho Tokyo Dome tarehe 31 Machi na 1 Aprili 2016. Mmoja wao, Yoshino Nanjo, alikuwa na tatizo la goti lililomlazimisha kupunguza kucheza jukwaani.

Kundi lililofuata, Aqours, lilifanya tamasha lake la kwanza katika Yokohama Arena Februari 2017. Rikako Aida humwigiza Riko, msichana mpiga kinanda ambaye, kabla hadithi haijaanza, alikaa mbele ya kinanda katika shindano na vidole vikakataa. Katika kipindi kimoja cha anime Riko anarudi kwenye shindano huku wenzake wanane wakiimba na kucheza mahali pengine. Waandaaji waliamua kuirudia hali hiyo jukwaani: wanane wacheze, na Aida apige kinanda yeye mwenyewe. Hakuwa mpiga kinanda. Alijifunza kwa miezi michache. Siku ya kwanza alimaliza salama. Siku ya pili alikosea, muziki ukasimama, na wenzake wakamkimbilia pale alipokuwa akilia. Ukumbi mzima uliwasha fimbo za taa za rangi ya mhusika wake na kuliita jina lake, wakaanza upya, na safari hiyo akaumaliza wimbo.

Nimeitazama sehemu hiyo zaidi ya mara moja na sijapata msimamo ulio mwepesi. Kwa upande mmoja, sijui jukwaa jingine ambalo lingeweza kutoa tukio kama lile: hadithi ya kubuni kuhusu msichana aliyeshindwa kupiga kinanda ikatukia kwa mwanamke anayemwigiza, na umati ulioijua hadithi ukajua la kufanya bila kuambiwa. Uigizaji na uimbaji vilikutana hapo kwa namna ambayo mwandishi asingethubutu kuiandika. Kwa upande mwingine, kuna watu waliokaa ofisini wakaamua kwamba mwigizaji ajifunze ala ngumu kwa muda mfupi na kuipiga mbele ya maelfu, kwa kuwa mhusika wake huipiga. Kosa lake likawa hazina ya mradi, likasimuliwa na kuuzwa katika diski ya tamasha. Siamini kwamba mtu angepaswa kuzuia lisiuzwe, lakini naamini kwamba anayenufaika na hatari ile alipaswa kuwa ndiye aliyeibeba.

Na hapo ndipo hesabu inapokuwa chungu. Waigizaji wa sauti Japani hulipwa kwa mfumo wa madaraja uliopatanwa na chama cha waigizaji, ambapo anayeanza hulipwa takribani yen 15,000 kwa kipindi cha nusu saa, awe ana mistari mia au mmoja, kisha wakala hukata sehemu yake. Mfululizo wa vipindi 12 haumlipii mtu kodi ya nyumba Tokyo kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo, wimbo, tamasha, kipindi cha redio na kitabu cha picha ndivyo vinavyomwezesha kijana kuishi, na msichana asiyeimba wala kucheza hujikuta nyuma katika usaili hata kama uigizaji wake ni bora. Mashabiki, kwa upande wao, hununua nakala kadhaa za diski moja kwa sababu ndani yake mna tiketi ya bahati nasibu ya kupata nafasi ya kununua tiketi ya tamasha. Sentensi hiyo ni ndefu kwa kuwa utaratibu wenyewe ni mrefu. Mwimbaji ambaye hakutunga wimbo hupata sehemu ndogo ya mauzo hayo. Mwaka 2022 baadhi ya waigizaji waliunda kikundi cha VOICTION kupinga mfumo mpya wa ankara za kodi ya matumizi, wakieleza hadharani jinsi wenzao wengi wanavyoishi kwa kipato kidogo. Walioshangaa walikuwa wale waliodhani kwamba kila sauti wanayoipenda ni ya tajiri.

Gharama nyingine haipimwi kwa yen. Mwigizaji anayeuzwa kama mhusika hutarajiwa kuishi kama mhusika. Aya Hirano alipozungumza kwenye televisheni mwaka 2010 kuhusu maisha yake ya mapenzi, jambo la kawaida kwa mwanamke aliyekaribia miaka 23, sehemu ya mashabiki wake walimgeuka kwa hasira, kana kwamba walikuwa wamevunjiwa ahadi. Miaka michache baadaye alikuwa kwenye tamthilia za muziki za jukwaani, akiigiza Éponine katika Les Misérables mwaka 2013, mahali ambapo mwanamke anaruhusiwa kuimba na kuigiza kwa pumzi moja bila kuulizwa analala wapi. Sioni kuhama huko kama kushindwa. Naona tasnia ndiyo iliyompoteza mtu aliyekuwa akijua hasa kazi ambayo makala haya yanaizungumzia.

Wapo waliovuka salama. Maaya Sakamoto alikuwa na miaka 16 alipopata nafasi kubwa mwaka 1996 katika The Vision of Escaflowne, akiigiza Hitomi na kuimba wimbo wa ufunguzi uliotungwa na Kanno, na siku alipotimiza miaka 30 aliimba Budokan. Hakuwahi kuuzwa kama msichana wa ndoto za mtu, na huenda ndiyo sababu hakukuwa na siku ambayo ndoto hiyo ilipaswa kuvunjika. Mpangilio wa kazi yake unaonyesha kwamba tatizo haliko katika kuimba. Liko katika kile kinachouzwa pamoja na wimbo. Hapa kwetu, tamthilia za Kituruki zinazotiwa sauti za Kiswahili zimewapa watazamaji sauti wanazozitambua mara moja wakiwa jikoni, ilhali wachache wanaweza kuzitaja kwa majina. Hao wana tatizo la kinyume, la kutojulikana kabisa, na sijui ni lipi ambalo ningewachagulia.

Hali imebadilika tena katika miaka ya karibuni. Anime ilipotoka usiku wa manane na kuingia katika majukwaa ya video ya dunia nzima, nafasi ya wimbo wa ufunguzi ilipanda thamani, na wakubwa wa muziki wa kawaida wakaitaka. Wimbo wa YOASOBI ulioifungua Oshi no Ko mwaka 2023 ulifika kileleni mwa chati ya Billboard ya dunia isiyohesabu Marekani. LiSA, ambaye umaarufu wake ulianza mwaka 2010 alipokuwa akiimba kwa niaba ya mhusika wa Angel Beats! aliyeigizwa na mtu mwingine, alitwaa tuzo kuu ya rekodi ya Japani mwaka 2020 kwa wimbo wa filamu ya Demon Slayer. Kwa lebo kubwa, mwigizaji asiye na jina nje ya mashabiki wa anime si chaguo la kwanza tena kwa zile sekunde 90.

Wengi wanalilia jambo hilo. Mimi naliona kama nafasi, kwa kuwa linamsukuma mwigizaji aimbe ndani ya hadithi badala ya mlangoni mwake. Bocchi the Rock! ya mwaka 2022 ni ushahidi mzuri. Ikumi Hasegawa anaimba kama Kita, mwimbaji wa bendi ya Kessoku, na albamu iliyotolewa kwa jina la bendi hiyo ilisikilizwa na watu ambao hawakuwahi kununua diski yoyote ya anime. Lakini jambo lililonishika ni wimbo wa kufungia kipindi cha mwisho. Hitori, mpiga gitaa mwenye haya kupita kiasi, haimbi katika hadithi. Kazi yake ni gitaa na mashairi. Mwishoni, bila maelezo yoyote, Yoshino Aoyama, anayemwigiza, anaimba toleo la wimbo wa bendi ya Asian Kung-Fu Generation. Sauti haijapambwa. Haijiamini sana, inakwenda karibu na mazungumzo, na baadhi ya mistari inafika mwisho wake kwa shida. Ni sauti ya Hitori akiimba peke yake chumbani, jambo ambalo hadithi haikuwahi kutuonyesha, na kwa dakika hizo tunajua kitu ambacho wenzake wa bendi hawakijui.

Aoyama alilipwa kama nani kwa kazi hiyo, kama mwigizaji wa daraja fulani au kama mwimbaji? Mikataba ya sasa huzigawa shughuli hizo mbili, moja kwa wakala na kamati, nyingine kwa lebo, ingawa anachokifanya mbele ya kipaza sauti ni kitu kimoja. Lebo zinazojua kuhesabu faida mara mbili kutokana na sauti moja zinaweza pia kuandika mkataba unaomlipa mwenye sauti kwa namna hiyo hiyo: sehemu ya mauzo ya wimbo anaouimba kwa jina la mhusika, sehemu ya diski ya tamasha, na haki ya kukataa ala asiyoijua. Chama cha waigizaji kilishawahi kupigania malipo ya marudio katika miaka ya 1970 na kikapata kitu. Safari hii kina waigizaji wanaojaza viwanja, na hilo ni silaha ambayo waliotangulia hawakuwa nayo.